Gari la Papa Kalala na Kona za Randburg

Wewe unayejiita fundi wa alainimenti kwa sababu una ile mashine ya taa na skrini, njoo hapa ukae. Kama hujawahi kupanga magurudumu ya gari huku akina mama wa kwaya wamejaa ndani, wawili mbele na watatu nyuma, wanapeana karanga na kuulizana habari za watoto, bado hujaijua kazi. Mimi nimeifanya. Niliifanya Johannesburg, mjini kati, kwenye gereji ambayo ghorofa ya juu yake ilikuwa kanisa, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Jina langu Mbwana, mtu wa Tanga. Nimestaafu sasa, mgongo umekataa kuingia chini ya magari, lakini mdomo haujastaafu. Vijana wananijia na simu zao, wananionyesha gari linazunguka na kutoa moshi, wananiambia, "Mzee, tunataka letu lifanye hivi." Nawauliza kama linajua kusimama. Wanarudisha simu mfukoni. Basi leo nawaambia habari ya Kitanda, na atakayechoka kusikiliza aende akanywe chai arudi.

Kitanda lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, refu, viti vya mbele vimeunganika kama benchi, injini ya silinda sita, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Zamani magari ya namna hiyo yaliunganishwa kulekule Afrika Kusini, usukani kulia, kwa hiyo vipuri vyake havikuwa shida kwa mtu anayejua kutembea kwenye skrapu. Mwenyewe alikuwa Papa Kalala, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi cherehani, duka lake lilitazamana na gereji yangu. Sisi gereji tulilibatiza Kitanda kwa sababu lilikuwa laini kupita kiasi. Ukifika kona, unazungusha usukani robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari, halafu gari zima linalala upande mmoja, linafikiri kidogo, ndipo linageuka.

Ilikuwa mwaka 2018. Binti yake wa pekee, Grâce, alikuwa anaolewa, na ukumbi ulikuwa Randburg, kwa wakwe. Papa Kalala alitaka kitu kimoja tu duniani: ampeleke bibi harusi yeye mwenyewe, ndani ya Kitanda. Grâce alikataa katakata. Tangu utoto wake hakuwahi kumaliza safari ndani ya lile gari bila kutapika. Alipokuwa anasoma shule alitembea kwa miguu kwenye mvua, baba anamfuata polepole na dirisha limeshushwa, anambembeleza apande, na mtoto hageuzi hata shingo.

Papa Kalala akaja kwangu na kofia yake mkononi.

"Fundi Mbwana," akasema, "hii mutuka tuliinunua na mama yake Grâce. Tulishona usiku na mchana. Sasa mama yake hayuko. Kama mutoto ataenda na mutuka ya wakwe, na miye niko nyuma kwa gari ya watu, nitafika kwa harusi ya mutoto wangu kama mugeni. Unasikia?"

Nikamwambia nasikia. Na nilisikia kweli, maana mimi nami nina mabinti.

Grâce alizaliwa kule Joburg. Kiswahili cha baba yake alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika anaongeza Kizulu. Tukakaa naye, tukabembeleza, mwisho akatoa sharti: apelekwe mara moja kwa majaribio, kutoka Newtown mpaka Randburg. Akifika tumbo limetulia, siku ya harusi atapanda na baba. Asipofika salama, anapanda gari jeupe la wakwe na mazungumzo yameisha. Nikaona ni sharti la haki.

Sasa vijana, sikilizeni. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja wa Kikaburu, tukimwita Oom Fanie, mtu wa maneno machache na soksi ndefu. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake nikafungua boneti ya gari la mteja, akaifunga. Akanionyesha kiti cha nyuma. "Keti kwanza," akasema, "boneti haitapiki." Alikuwa na maana kwamba aliye nyuma ndiye anayejua gari linafanya nini, dereva amekwisha zoea ubovu wake. Basi na mimi nikapanda nyuma ya Kitanda, Papa Kalala akaendesha. Tulizunguka mitaa ya Newtown tu. Niliposhuka nilishika nguzo ya taa nikaiomba isiondoke. Mama mmoja muuza mahindi akanipa maji, akanisema kwamba mtu mzima halewi mchana.

Papa Kalala alikuwa na dawa yake tayari. Alikuwa amesikia kuna injini ya silinda nane inauzwa.

"Tuweke V8," akasema. "Itapita kona mbio. Hata tumbo haitapata wakati ya kusikia."

Msicheke, na nyinyi mnafikiri hivyohivyo. Gari lisiloshika barabara ukiliongezea nguvu umelisaidia kufika mapema kwenye ukuta. Kwanza lishike, pili lisimame, kukimbia kutakuja kwenyewe. Nilimwambia hivyo, akaninunia siku nzima.

Dawa ya pili aliletewa na kijana mmoja mteja wake wa suti: kata springi, gari lishuke chini, lisiyumbe. Huyo kijana mwenyewe alikata za kwake kwa grainda. Gari lilikuwa linaruka kama chura, na siku moja likapanda tuta la barabarani likabaki pale, magurudumu yote yananing'inia, limekaa kama kuku anayeatamia. Tulilishusha kwa kulisukuma, watu wanapiga picha. Springi usikate. Ukitaka gari lishuke, tafuta iliyotengenezwa fupi na ngumu zaidi. Ukiikata umepunguza nafasi ya kucheza na hujaongeza cha maana, na uti wa mgongo ni wa kwako.

Mimi nilianza na matairi. Papa alikataa, akasema meno yake bado marefu. Ni kweli yalikuwa marefu, lakini tairi likizeeka linakuwa gumu kama kwato, halishiki kitu. Nikabonyeza kucha, haikuingia. Yakatoka. Halafu bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio ya chuma na chuma. Za Kitanda zilikuwa zimekuwa unga. Nyinyi mnaruka bushi kwa sababu hazionekani wala hazing'ai, lakini gari kuukuu likibadilishwa bushi zote, na shokapu nzuri za gesi, nusu ya uzee wake umeondoka, na hujatumia hela ya kukutoa roho.

Stabilaiza niliipata skrapu, kutoka kwenye gari la ukoo uleule lakini zito zaidi. Hiyo ni nondo inayofunga upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona. Nilitafuta nene kwa mbele tu. Kijana, kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma usiingie tamaa ukaweka nene na nyuma pia, mvua ikinyesha matako ya gari yatataka kukupita. Niliibeba begani kutoka skrapu mpaka gereji, katikati ya mji, kati ya wachuuzi na foleni za watu, na siku hiyo niligundua kwamba Johannesburg wanajua sana kupisha njia.

Breki za ngoma za mbele tukazitupa, tukafunga diski kutoka toleo la baadaye. Umeme ulikuwa haueleweki jengoni kwetu. Unashika drili, tundu limefika nusu, giza. Kutoka juu kanisani unasikia, "Eish," halafu wanaendelea kuomba gizani, na mimi nimekaa chini na tundu langu la nusu.

Injini sikuigusa ndani. Plagi, platini, kabureta kusafishwa, taimingi kuwekwa sawa, mabomba ya hewa yaliyopasuka kubadilishwa. Nguvu nyingi mnazozitafuta madukani zimelala humohumo, zinasubiri kusafishiwa njia. Pale kwenye kabureta ndipo nilipokuta ajabu. Ile springi ndogo inayorudisha pedeli ya mafuta haikuwepo. Badala yake palikuwa na lastiki ya suruali, imeshonwa vizuri kabisa, mishono miwili, uzi wa rangi ya khaki.

"Papa," nikamwita, "hii nini?"

"Ile ya zamani ilikatika," akasema bila haya. "Hii ni lastiki ya mupya. Ya kwanza kabisa kwa duka."

"Imekaa humu muda gani?"

"Sijui. Suruali inapitwa na wakati, lastiki hapana."

Ndiyo maana gari lilikuwa likiondoka kwa kurusharusha. Niliweka springi ya chuma, ile lastiki nikamrudishia, akaiangalia kwa huruma akaitia mfukoni.

Haya, sasa kwaya. Nilimuuliza Papa siku ya harusi Kitanda litabeba nani. Akaniambia bibi harusi, mimi fundi wa kuangalia gari, na tantine, mama wa kumshika Grâce nguo, na wale mama wa kwaya wakiona nafasi hawaachi. Gari lenye springi laini likibeba watu linakaa chini, na likikaa chini magurudumu yanabadilika namna yanavyosimama. Ukipanga alainimenti gari likiwa tupu, umelipangia dereva mpweke. Mimi sikuwa na mashine. Nilikuwa na nyuzi mbili zilizofungwa kwenye vyuma pande zote za gari, na rula. Nilichohitaji ni uzito wa watu, na uzito ulikuwa ghorofa ya juu unafanya mazoezi ya nyimbo.

Kiongozi wao aliitwa Mama Chantal, mwili Mungu alimpa bila kubana matumizi. Akashuka na wenzake wanne, wakaingia. Kitanda likatoa pumzi. Mwanzoni walitulia, nikapima mbele kushoto. Nikahamia kulia, nikasikia mmoja anaimba kwa pua, mwingine akampokea, na kabla sijaweka rula gari zima linakwenda huku na huku.

"Mama Chantal," nikasema kutoka chini, "naomba muimbe bila mabega."

"Fundi, weye ulisikia wapi wimbo bila mabega?"

"Basi nyamazeni kidogo tu, wallahi namaliza."

Wakanyamaza. Nikapima. Nikarekebisha, nikapima tena, kasta nikaiongeza ili usukani upende kurudi katikati wenyewe, maana vipimo vya kiwandani viliandikwa kwa matairi ya zama zile, si haya ya sasa. Nilipomaliza wakaliombea gari, na mimi nikasema amina, dua ni dua. Mama Chantal akaniuliza kama tumbo lake limesaidia. Nikamwambia bila yeye isingewezekana, na ulikuwa ukweli mtupu.

Nililijaribu mwenyewe. Vijana, niliingia kona moja ya Newtown nikacheka peke yangu. Kitanda liligeuka. Unaliomba kidogo, linakupa kidogo. Nikarudi gereji kifua mbele, nikamwambia Papa Kalala amwite binti.

Tukaondoka mchana, Papa kwenye usukani, mimi pembeni yake, Grâce nyuma. Tukapanda daraja la nyaya. Mwisho wa daraja nikahisi kitu hakiko sawa. Gari linakwenda kushoto, linarudi, linakwenda kulia, linarudi. Kona ya kwanza Papa aliikata kwa vipande vitano. Nikageuka kumtazama Grâce, nikaona ameshika kiti kwa mikono miwili na midomo imekuwa myeupe. Robot ya mbele, kule taa za barabarani wanaziita hivyo, ilikuwa nyekundu. Kabla haijawa kijani alikuwa ameshafungua mlango, na akatapika mbele ya spaza moja, mwenye duka anatutazama kama sisi ndio tumemlisha.

Alipojipangusa alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Pole, Papa. Nitaenda na wakwe." Akasimamisha teksi akaondoka.

Nikamwomba Papa Kalala anipishe usukani, akahamia upande wangu. Tulipokuwa tunarudi akaanza. "Umeharibu mutuka, Mbwana. Zamani ilikuwa inayumba kwa upole. Sasa inayumba kwa ukali. Umeniulia harusi." Machozi yakamtoka, mtu mzima. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Na cha kushangaza, katika mikono yangu gari lilikuwa linakwenda limenyooka kama uzi.

Nikamtupia jicho. Alikuwa anatazama mbele, machozi yanatiririka, na mikono yake miwili iko juu ya mapaja, inazungusha usukani ambao haupo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, haitulii.

Nikasimamisha gari kando. Nikacheka mpaka akafikiri nimerukwa na akili.

Mmeelewa? Miaka yote ile ya kuendesha gari lenye usukani mlegevu, mikono yake ilijifunza kurekebisha kila dakika. Ukizungusha kidogo zamani haikuwa na neno, magurudumu hayakusikia. Sasa yanasikia. Kila anachonong'ona, gari linatii. Tulinyoosha gari, dereva tukamsahau. Oom Fanie hakunifundisha hilo, nalijua kwa sababu ya Papa Kalala, na nyinyi mnapewa bure.

Nilimwambia. Akakasirika kwanza, akasema anaendesha tangu kabla sijaota ndevu. Sikubishana naye, tulipofika nikaingia dukani kwake, nikamwomba ashone mstari mrefu. Akakaa kwenye cherehani. Mikono ikalala juu ya kitambaa, haisukumi, haivuti.

"Ukikivuta?" nikauliza.

"Sindano inavunjika. Unaongoza tu, mashine inakula yenyewe."

Akainua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma.

"Bon," akasema. "Nimesikia."

Tangu hapo kila Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, wakati maduka ya jumla yamefungwa na mitaa ni mitupu, tulitoka wawili. Nilisimamisha rili ya uzi juu ya dashibodi. Mwanzo ilianguka kila kona, anatukana kwa Kifaransa, naiokota. Nilimkataza kukunja ngumi, nikamwambia ashike usukani kama pindo la hariri. Ikaja Jumapili moja tukazunguka mji kati wote, tukapita Newtown tukarudi, na rili imesimama palepale.

Nikamfuata Grâce saluni, anasukwa, kichwa hakiwezi kugeuka, hivyo hakuweza kunikimbia. Nikamweleza habari ya mikono. Akacheka mpaka msusi akamgombeza.

"Anko," akanijibu kwa Kiingereza chake, "mimi tangu mdogo nilikuwa naiangalia ile mikono. Ndiyo ilikuwa inanizungusha kichwa." Akajipangusa machozi ya kicheko. "Nitapanda. Lakini gari la wakwe lije nyuma yetu, karibu, na nikipiga kofi mlangoni linanichukua."

Siku ya harusi Kitanda lilikuwa linang'aa mpaka aibu. Grâce akaingia nyuma na gauni lote, ameshika mpini wa mlango. Mama Chantal, ndiye tantine wa nguo, akajipenyeza kando yake. Gari jeupe likakaa nyuma yetu, na nyuma yake msafara mzima, taa zinawaka, honi juu, kila dereva anachezesha gari lake huku na huku kama ilivyo desturi ya Wakongomani wakipeleka bibi harusi. Wakampungia Papa Kalala acheze na yeye. Hakucheza. Aliongoza tu, macho mbele, jasho linamtiririka shingoni. Daraja likapita. Ile robot ya aibu ikapita. Nilikuwa naogopa kugeuka nyuma.

Tulipoingia Randburg nilisikia mkoromo. Nikadhani ni Mama Chantal. Nikageuka. Mama Chantal alikuwa macho, kidole mdomoni, ananikataza kusema. Aliyelala alikuwa bibi harusi, kichwa begani kwa Mama Chantal, mdomo wazi, mkono umeachia mlango.

Papa Kalala akamwona kwenye kioo. Ukumbi ulikuwa mbele yetu, wakwe wamepanga mstari getini, vigelegele vimeshaanza. Hakupunguza mwendo. Akalipita geti, wakwe wakabaki na mikono hewani, gari jeupe nyuma yetu likapiga honi kama limechanganyikiwa. Akashika kona ya kwanza taratibu, bila kumtikisa mtoto.

"Fundi," akaninong'oneza, "petroli iko?"

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Nikamwambia ipo tele, zunguka.